Je, ni salfa ya mikorosho? Jibu kwa mjomba wa Newala

SWALI: “Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima wa korosho huku Newala. Nina mpwa wangu wa kike, mtoto wa dada yangu, ana miaka mitatu na miezi kadhaa. Alizaliwa mzima kabisa. Alipofika kama mwaka mmoja tumbo likaanza kukua, kitovu kikatoka nje, mafua hayaishi, usiku anakoroma kama mzee. Sasa vidole havinyooki, mgongo umetoka kibiongo na macho yana kama ukungu. Tumempa dawa za minyoo na za malaria mpaka tumechoka. Mwishowe tulifika Dar, wakachukua mkojo na damu, tukaambiwa ni ugonjwa wa lisosomu, MPS aina ya kwanza, na kwamba seli zake zinajaa heparani salfeti na dematani salfeti. Nauliza: hiyo salfeti ndiyo salfa tunayopulizia mikorosho? Maana dada alikuwa shambani msimu mzima wa kupulizia akiwa na mimba yake. Pili, kama ni uchafu umejaa kwenye seli, kwa nini asisafishwe damu kwa mashine kama wagonjwa wa figo, au tukampa mwarobaini? Tatu, nyumbani wanasema hili jambo limetoka upande wetu, ukoo wa mama. Nieleze kwa lugha ya mtu wa kawaida, kinaharibika nini humo ndani?”

JIBU: Marahaba, mjomba. Nianze na salfa, maana naona ndiyo inayomkosesha dada yako usingizi. Haihusiki. Unga ule mnaopulizia dhidi ya ubwiri unga unaweza kumwasha mtu macho na kumbana kifua, na mjamzito afadhali akae nao mbali kwa sababu hizo tu, lakini hauwezi kumfanya mtoto azaliwe na ugonjwa huu. Dada yako angeshinda miezi yote tisa kivulini akiletewa uji, mtoto angezaliwa vilevile.

Kilichowachanganya ni jina. Salfeti ni salfa iliyoungana na oksijeni, na mwili wa kila binadamu huitengeneza wenyewe kutokana na protini tunayokula: samaki, mayai, kunde, mbaazi. Seli hufuma minyororo mirefu ya sukari, kisha huibandika salfeti huku na huku, kama mtu anayetunga shanga na kila baada ya chache akaingiza ya rangi nyingine. Mnyororo mmoja wa namna hiyo ndio heparani salfeti, mwingine dematani salfeti. Kazi ya minyororo ya namna hiyo ni kubwa. Hushika maji yasikimbie, na ndiyo sababu mojawapo gegedu la goti lina mnepo, ngozi inavutika na kurudi, vali za moyo zinafunga na kufungua mamilioni ya mara bila kuchanika. Minyororo hiyo unayo wewe, ninayo mimi, na tusingeishi bila hiyo.

Kwa hiyo neno “uchafu”, ambalo huenda hata mwenzangu wa Dar alilitumia ili kurahisisha, mimi nalikataa. Kilichojaa ndani ya seli za mpwa wako ni mali halali ya mwili wake mwenyewe, iliyoanza kuvunjwa ikakwama njiani. Ukilishika hilo, maswali yako mengine yatakuwa mepesi.

Hakuna kitu mwilini kinachokaa milele. Minyororo ile huchakaa, huvunjwa, mipya hufumwa. Kuvunja hufanyika ndani ya vifuko vidogo sana vilivyomo katika karibu kila seli, na hivyo ndivyo tunavyoviita lisosomu. Aliyevigundua, Christian de Duve wa Ubelgiji, hakuwa anavitafuta. Alikuwa akichunguza insulini na ini la panya, na kulikuwa na kimeng'enya kimoja (kimeng'enya ni protini ya mwili inayofanya kazi maalumu, kama kuvunja kitu fulani) alichokipima pembeni tu, ambacho kilimpa majibu ya kuudhi: kilionekana kidogo mno kuliko ilivyotarajiwa. Sampuli zikawekwa kwenye friji. Walipozipima tena siku tano baadaye, kimeng'enya kimo tele. Hakikuzaliwa ndani ya friji. Kilikuwa kimefungiwa ndani ya kifuko, na utando wa kifuko ulipolegea kikatoka kikapimika. Mwaka 1955 De Duve akavipa vifuko hivyo jina, na mwaka 1974 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinakuonyesha jambo tutakalolirudia: huko ndani kumefungwa, tena kwa makusudi. Ndani ya lisosomu mna uchachu wa kadiri ya nyanya, ilhali sehemu nyingine ya seli haina uchachu, na mna vimeng'enya vipatavyo 60, kila kimoja na kazi yake. Vikimwagika ovyo vinaitafuna seli yenyewe.

Sasa tuje kwenye kazi unayoijua kuliko mimi. Korosho ghafi haigeuki kuwa korosho ya kuliwa kwa mkono mmoja. Inachomwa au kupikwa kwa mvuke, inabanguliwa, inakaushwa, inamenywa lile ganda jembamba la ndani, ndipo inapangwa madaraja. Mmenyaji hawezi kumenya korosho isiyobanguliwa. Siku wabanguaji wasipotokea, wapishi wanaendelea kuleta, sinia zinajaa, kisha meza, kisha sakafu. Wamenyaji na wapangaji wamekaa mikono mitupu ingawa wote ni wazima na visu wanavyo.

Lisosomu huuvunja mnyororo wa heparani salfeti vivyo hivyo: kuanzia ncha moja, kipande kwa kipande, kila kipande na mtu wake. Wa kwanza anang'oa salfeti. Wa pili anakata sukari iliyobaki wazi. Wa tatu anang'oa salfeti nyingine, na foleni inaendelea. Hakuna anayeweza kuruka zamu ya mwenzake. Anayekosekana kwa mpwa wako ni huyo wa pili, kimeng'enya kiitwacho iduronidesi. Huyo mmoja tu. Dematani salfeti nayo inampitia yeye yeye, ndiyo maana zimejaa zote mbili. Watoto wanaomkosa yule wa kwanza wana ugonjwa wa jirani uitwao Hunter, kwa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1917. MPS aina ya kwanza, ikiwa kali, huitwa Hurler, kwa jina la Gertrud Hurler, daktari wa watoto wa Ujerumani aliyeuandika mwaka 1919. Herufi MPS zenyewe ni ufupisho wa neno mukopolisakaridosisi, ambalo halikufichi chochote: maana yake ni kulimbikiza minyororo hiyo ya sukari.

Umeuliza kinaharibika nini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hata sisi madaktari wengi tuna picha rahisi mno kichwani, kwamba seli inajaa mpaka inapasuka. Kujaa kupo. Kipande cha ini la mtoto mwenye Hurler kikitazamwa kwa hadubini, seli zake zina matundu kama mkate wa kumimina, na kila tundu ni lisosomu iliyovimba. Ini zima linakua, bandama linakua, na hilo ndilo tumbo mliloliona. Lakini ini hilo kubwa huendelea na kazi zake kwa kiasi cha kushangaza. Mabaya zaidi yanatokea kwingine, na kujaa peke yake hakutoshi kuyaeleza.

Kwanza, lisosomu ni zaidi ya jalala. Sukari, salfeti na amino asidi zinazotoka humo hurudi kutumika upya, kama mbao za nyumba iliyobomolewa. Tena seli huipelekea lisosomu hata mitambo yake iliyozeeka. Mitokondria, vile vinu vya kuzalisha nguvu, vikichakaa huviringishwa ndani ya utando na kupelekwa kuvunjwa. Utaratibu huo De Duve aliupa jina la Kigiriki lenye maana ya kujila mwenyewe, na Mjapani Yoshinori Ohsumi akapata Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha unavyoendeshwa. Lisosomu ikishazibwa, vifurushi hivyo vinafika mlangoni na kubaki hapo. Vinu vibovu vinaendelea kuwaka ndani ya seli: nguvu kidogo, moshi mwingi, maana vinatoa kemikali zinazounguza utando na protini za jirani. Ukifika hapo, seli inaugua kutokana na vitu ambavyo wavunjaji wake wote wapo kazini.

Pili, minyororo iliyokwama inanata. Ina chaji hasi nyingi, na inavikamata vimeng'enya vingine na kuvilegeza. Ubongo wa watoto hawa hukutwa umelimbikiza pia mafuta ya aina nyingine kabisa, gangliosidi, ingawa kimeng'enya cha kuyavunja wanacho. Turudi kwenye sinia zetu: marundo ya mbanguaji asiyekuja yamemzibia njia fundi wa meza ya mbali ambaye hakuwa na ugomvi na mtu.

La tatu ndilo linaloeleza vidole. Vipande vya heparani salfeti vinavyovuja nje ya seli vinafanana na vipande vya ganda la bakteria kiasi cha kuwadanganya walinzi wa mwili. Kinga inawaka kana kwamba kuna maambukizi. Kwenye viungo, moto huo mdogo usiozimika unakula gegedu na kukaza kano, mwaka baada ya mwaka, mpaka kiganja kinajikunja kama kimeshika kikombe. Kuna watu watakaowaambia mumchue kwa nguvu ili vidole vinyooke. Msikubali. Mazoezi ya taratibu na mtaalamu wa viungo, sawa, kulazimisha, hapana.

Neva ndizo zenye bahati mbaya kuliko seli zote. Seli ya ngozi hufa na kubadilishwa baada ya wiki chache. Chembe nyekundu ya damu huishi siku kama 120. Seli za ubongo, kwa sehemu kubwa, ndizo zilezile ulizozaliwa nazo na ndizo utakazozikwa nazo. Hazigawanyiki ili zigawane mzigo. Kila kinachokwama kinabaki humo humo, na ndiyo sababu mtoto aliyeanza kusema maneno anaweza kukwama asiongeze mengine, kisha akaanza kuyapoteza.

Hayo mengine nayapitia haraka. Konea ya jicho ni angavu kwa sababu nyuzi zake zimepangwa kwa nafasi sawasawa. Mpangilio ukivurugika mwanga hutawanyika, mkaona ukungu. Mafua na mkoromo vinatoka kwenye ngozi ya ndani ya pua na koo iliyonenepa, pamoja na tezi za nyuma ya pua. Kitovu kimetoka kwa sababu ukuta wa tumbo umelegea huku ini na bandama vikisukuma kutoka ndani. Na alizaliwa mzima kwa sababu kulimbikiza kunachukua muda. Siku mbanguaji asipokuja, asubuhi ile ghala linaonekana la kawaida kabisa. Ukipita jioni ndipo unashangaa.

Niseme kidogo juu ya ndugu za ugonjwa huu, maana wasomaji wengine wataguswa. Magonjwa ya ulimbikizaji wa lisosomu yanazidi 50, na kila moja lina mtu wake mmoja aliyekosekana kwenye foleni fulani. Aliyeiona picha nzima kwanza ni Henri-Géry Hers, Mbelgiji pia, mwaka 1963, alipogundua kwamba watoto wenye ugonjwa wa Pompe wanakosa kimeng'enya cha lisosomu cha kuvunja glaikojeni, ile akiba ya sukari ya misuli. Hao misuli na moyo ndivyo vinavyodhoofika. Kinachoamua ni kiungo gani kiugue ni swali moja: seli zipi zinapokea mzigo huo zaidi? Katika Tay-Sachs ni mafuta ya neva, basi ubongo unakwenda, na ini huwezi kulitambua kwamba lina shida. Katika Gaucher ni mafuta ya utando wa chembe za damu zilizozeeka, na wanaozila chembe hizo ni seli walaji za bandama, ini na uboho. Nikiwa mwanafunzi niliwekewa kioo cha seli hizo kwenye hadubini. Nilidhani ni kosa la maabara, maana ndani yake zilikuwa kama karatasi iliyofinyangwa. Mtoto wa Gaucher ana bandama kubwa, damu pungufu na maumivu ya mifupa. Sasa niambie, huku kwetu Mtwara na Lindi, nani akiona bandama kubwa na damu pungufu hatasema malaria? Na akisikia maumivu ya mifupa, nani hatasema selimundu? Mara nyingi sana atakuwa sahihi, na ni haki kuanza na hayo. Ila mtoto aliyepimwa malaria na selimundu, hana, na bandama bado linakua, anastahili swali la tatu.

Sasa mashine. Mashine ya figo inasafisha damu, nayo inafanya hivyo vizuri. Ni kweli minyororo hii ipo pia kwenye damu na mkojo, na ndiyo maana kipimo cha kwanza cha mpwa wako kilikuwa mkojo. Lakini kinachoonekana kwenye mkojo ni kile kilichovuja. Mzigo wenyewe umo ndani ya kifuko, ambacho kimo ndani ya seli. Kumwosha damu ili kuutoa ni kama kufagia barabara ya kwenda ghalani ukitumaini sinia za ndani zitapungua. Mwarobaini nao una kazi zake, lakini hauna mbanguaji ndani yake. Hakuna mti wowote ulio naye, hata mlonge. Na huyu mtoto ini lake tayari lina mzigo. Chai chungu za kila siku zinaweza kumuumiza, nakuomba mziache.

Ila swali lako lina akili kuliko unavyodhani, kwa sababu karibu lilelile ndilo lililofungua mlango wa tiba: je, kitu cha nje kinaweza kufika ndani ya kifuko? Mwaka 1968 huko Marekani, Elizabeth Neufeld na wenzake walikuwa wakikuza seli za ngozi za wagonjwa kwenye sahani za maabara. Za Hurler zinajaa. Za Hunter zinajaa. Wakazichanganya kwenye sahani moja, na zikaponyana! Kila upande ulikuwa unamwaga nje kidogo kile ulicho nacho, na mwenzake anakinywa. Wa kwanza wa foleni alitoka kwa huyu, wa pili akatoka kwa yule. Mwaka 1972 ikathibitika kwamba kilichokuwa kinaziponya seli za Hurler ni iduronidesi.

Zinakinywaje? Kila kimeng'enya cha lisosomu kikitengenezwa hubandikwa alama, sukari moja yenye fosfeti, kama gunia linavyoandikwa alama ya chama cha msingi ili lisipotee njiani kwenda ghala kuu. Seli ina vipokezi vya kuisoma alama hiyo, na baadhi vimesimama nje, juu ya utando wake. Gunia lililopotea nje likapita na alama yake, linavutwa ndani na kupelekwa linakostahili. (Kuna hata ugonjwa, adimu zaidi, ambao vimeng'enya vyote vinatengenezwa vizuri lakini alama haibandikwi. Vinamwagika kwenye damu vikiwa vizima, na lisosomu zinakufa njaa. Sijui ugonjwa mwingine unaonisikitisha hivyo kwa uzembe mdogo hivyo.)

Kwa njia hiyo ikaja dripu ya kimeng'enya. Ya Gaucher iliidhinishwa Marekani mwaka 1991. Ya MPS aina ya kwanza, laronidesi, mwaka 2003. Hutiwa kwenye mshipa kila wiki, maisha yote, maana kimeng'enya nacho huisha. Hupunguza ini na bandama, humrahisishia mtoto kupumua na kutembea. Haifiki ubongoni, kwani mishipa ya damu ya ubongo haipitishi kitu kikubwa kiasi hicho, na mifupa iliyokwisha kupinda haiinyooshi. Bei yake sitakuficha: katika nchi zinazoitoa, bili ya mtoto mmoja kwa mwaka huzidi dola laki moja.

Njia ya pili ni kumpandikizia mtoto uboho wa mtu mwingine, iliyofanyika mara ya kwanza London mwaka 1980. Wazo ni lilelile la sahani ya Neufeld: unaweka ndani ya mwili seli zenye kimeng'enya, ziwamwagie jirani zao maisha yote. Uzuri wake ni kwamba baadhi ya seli hizo huhamia ubongoni na kufanya kazi hiyo kule ambako dripu haifiki. Lakini ina hatari zake, na huzaa matunda ikifanyika mapema, kabla ya miaka miwili na nusu na kabla akili haijarudi nyuma sana. Mpwa wako ameupita umri huo. Nakuambia wazi kwa sababu kuna watu watakaowataka muuze shamba kwa ahadi ya kupona. Waulizeni madaktari wenu wa Dar maswali mawili: umbo lake ni kali au jepesi, na kwa hali aliyo nayo leo, wao wangependekeza nini? Umbo kali lisipotibiwa, watoto wengi hawafikishi miaka kumi. Umbo jepesi, wengine huzeeka nalo. Dalili ulizozitaja, na umri zilipoanza, zinanielekeza kwenye kali, ila mimi sijamwona mtoto na wao wamemwona.

Twende kwenye ukoo. Kwetu huku mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Jeni hazina habari na hilo. Jeni ya iduronidesi iko kwenye kromosomu ya 4, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Nakala moja nzima inatosha kabisa. Mwenye moja mbovu haugui, hajui, na hatajua. Ili mtoto augue lazima apokee mbovu mbili, yaani moja kutoka kila upande. Shemeji yako ametoa nusu, dada yako ametoa nusu, na hakuna kati yao aliyejua ana nini mfukoni. Ni hesabu ileile ya selimundu, ambayo nadhani mmeisikia kliniki. Hayo maneno ya nyumbani yangekuwa na chembe ya ukweli kama ugonjwa ungekuwa Hunter, kwa sababu jeni ya Hunter hupita kwa mama, lakini huo hushika watoto wa kiume karibu peke yao. Huyu ni wa kike, na kipimo kimesema aina ya kwanza. Wewe ndiye mjomba mtu, basi litamke hilo mbele ya kikao, na shemeji awepo asikie.

Wakiwa na mimba nyingine, uwezekano wa mtoto kuugua ni robo moja, na ni robo moja upya kila mimba. Kuzaa mgonjwa mmoja hakulipi deni la wanaofuata. Kama wao wawili ni mabinamu, jambo ambalo kusini na pwani halishangazi mtu, hapo ndipo nakala mbili zinazofanana hukutana kwa urahisi zaidi, na inafaa wamwambie daktari bila aibu. Kaka na dada zake mtoto wapimwe ikiwa ni wadogo, hata kama wanaonekana wazima. Kipimo ni cha damu, na kinatazama chembe nyeupe, kwa sababu chembe nyekundu zilizokomaa hazina lisosomu. Mdogo wake akigundulika mapema, yote niliyoyasema juu ya kuchelewa hayamhusu yeye.

Kwa sasa mtoto anahitaji macho yake yatazamwe, masikio yapimwe (wengi husikia vibaya na watu hudhani ni ukaidi), moyo upigwe picha ya mawimbi ya sauti kwa ajili ya vali, na mkoromo usipuuzwe, hasa akiwa anakata pumzi usingizini.

Na kuna kile kitovu. Nawajua watu wetu: siku moja mtu mwema atasema, “hii ngiri ni operesheni ndogo, tumwondolee tu.” Kwa mtoto mwingine ni ndogo kweli. Kwa huyu, koo ni jembamba, ulimi ni mkubwa, na mifupa ya juu ya shingo inaweza kuwa haijashikana vizuri, kiasi kwamba kumkunja shingo ili kumwingizia mpira wa hewa kunaweza kuubana uti wa mgongo. Mtoto mwenye MPS hapewi usingizi mpaka daktari wa usingizi ajue ana MPS, amtazame shingo kwa picha, na awe na vifaa vya koo gumu tayari mkononi. Ngiri isiyouma na inayorudi ndani inaweza kusubiri hospitali yenye mtu huyo. Ikiwa ngumu, haitaki kurudi na mtoto anatapika, kimbieni hospitali ya Ligula, Mtwara, au popote palipo karibu, lakini hata hapo semeni kabla ya yote. Chukua kadi yake ya kliniki leo jioni, ukurasa wa kwanza, kalamu nyekundu, uandike kwa herufi kubwa: MPS AINA YA KWANZA, HATARI YA SHINGO NA KOO WAKATI WA USINGIZI. Na dada yako aikariri, kwa sababu kadi husahaulika nyumbani.